Jora la Pamba na Pua ya Bi Tumu

Bi Tumu hakuwa mtu rahisi kumshukuru. Ukimpa kitu, huuliza kwa nini hukumpa jana. Ukimsifu, hutazama nyuma yake kuona ni nani mwingine anayesikiliza. Mwanaesha alilijua hilo tangu alipoletwa bibi harusi katika nyumba iliyotazamana na ya Bi Tumu, Mji wa Kale, kwenye uchochoro mwembamba kiasi kwamba sahani ya mahamri hupitishwa dirisha kwa dirisha bila mtu kushuka ngazi. Hata hivyo, kila akimaliza sala na kuwaombea watu dua, humtaja Bi Tumu kabla ya shangazi zake mwenyewe. Kisa chake ni jora moja la pamba.

Mwanaesha alikuwa mshonaji wa mifarishi. Mombasa hakuna baridi ya kumfanya mtu ajifunike mfarishi. Huku hutandikwa: vitambaa viwili na pamba katikati, vikashonwa pamoja kwa mistari ya sindano, vikawekwa juu ya godoro ili kitanda kiwe na heshima. Kitanda cha bibi harusi huwekewa kadhaa, mmoja juu ya mwingine, na wanawake wanaokuja kuangalia chumba hubonyeza kwa viganja, wakanusa, kisha wakatoa hukumu ngazini.

Miaka yote alikuwa akinunua pamba ya gunia. Pamba ya gunia huanikwa juu ya paa, huchambuliwa kokwa na takataka, hupigwa kwa fimbo mpaka ifumuke, kisha hutandazwa kwa mkono. Hata mkono ukiwa hodari vipi, mfarishi wa namna hiyo una vilima na mabonde, na mlalaji huvijua vyote kabla ya alfajiri. Basi mwaka wa pili tangu Uhuru, kabla ya masika, Jamaldin mwenye duka Makadara alimwonyesha kitu kipya. Ilikuwa pamba iliyokwisha kuchambuliwa na mashine, ikatandazwa kuwa shuka moja nene, ndefu, ya unene mmoja toka mwanzo hadi mwisho, ikakunjwa kwa mviringo kama mkeka, na katikati ikaachwa tundu ambalo mtu angeweza kupitisha mkono.

"Hili hulichambui, Bi Mwanaesha," Jamaldin alisema. "Wakata tu kama kitambaa."

"Na likiwa na mavumbi ndani?"

"Likiwa na mavumbi, nirudishie. Nitalilalia mwenyewe."

Mwanaesha alitia kidole kwenye ukingo, akapima unene hapa, akapima kule. Ulikuwa sawa. Akamwomba Jamaldin amwekee asiliuze mpaka azungumze na mumewe. Jamaldin akaliweka, ingawa lilimzibia nusu ya mlango, na hilo pia Mwanaesha hakulisahau.

Mumewe, Taib, alikuwa karani wa forodha, mtu asiyepinga jambo ila kwa swali.

"Jora zima utaliweka wapi?" aliuliza. "Pamba ya gunia hununuliwa kwa kadiri ya kazi, ikaisha. Hili litakaa miezi. Na masika hayo yaja."

Swali lilikuwa la haki. Kuta za nyumba zile ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Mvua zikianza hutoka jasho la chumvi, na pamba hunywa maji ya hewani bila mtu kuona, mpaka siku unapoifungua ukakuta madoa ya ukungu. Mwanaesha hakujibu kwa maneno. Alichukua visahani viwili, akatia chumvi ya mawe iliyosagwa katika kila kimoja. Kimoja akakiweka chini, ukumbini, na cha pili akakipandisha katika chumba kidogo cha darini kilichokuwa hakilaliwi na mtu. Asubuhi aliviweka vyote mbele ya Taib pamoja na chai. Chumvi ya chini ilikuwa imegandamana kama sukari guru. Ya juu ilikuwa ikimwagika kama mchanga.

Taib akaitikisa ile ya juu, akaitikisa ya chini. "Basi juu," alisema. Mwanaesha alimshukuru moyoni kwa hilo: kwamba Mungu alimpa mume anayeshindwa na chumvi bila kununa.

Kuna jambo lililofanya jora lile liwe zaidi ya pamba. Mama wa binti aitwaye Swabaha, nyumba ya watu wanaotazamwa, alikuwa amemwagiza Mwanaesha mifarishi ya kitanda cha harusi ya bintiye. Ni wakati huo tu angeweza kuonyesha kwamba mfarishi wa pamba ya jora haulinganishwi na wa gunia. Kitanda kile kikipendeza, nyumba nyingine zingefuata, naye angekuwa na kazi yake mwenyewe. Kikifanya ila, angerudi kwenye fimbo na kokwa, na hakuna bibi harusi ambaye angemletea kazi tena. Pamba hiyo ilitakiwa ifike siku ya kukatwa ikiwa kavu, nyeupe, na haina harufu.

Ngazi za nyumba hazikulichukua. Zilipinda mara mbili, na jora halipindi. Hamali mmoja aitwaye Dzoro alilifunga kamba, yeye akasukuma toka chini, Taib akavuta toka roshanini amevaa kikoi na fulana, jasho likimtoka mbele ya mtaa mzima.

Dirisha la nyumba ya ng'ambo likafunguka.

"Mwapandisha maiti au ngamia?" aliuliza Bi Tumu.

"Pamba, Bi Tumu," alisema Mwanaesha. "Shikamoo."

"Marahaba. Pamba gani hiyo? Yanuka mafuta ya mashine."

Dzoro akacheka huku chini, na ilibidi Taib amwambie ashike kamba.

Pua ya Bi Tumu ilikuwa hadithi ya uchochoro ule. Alikuwa mjane, mtu mzima, macho yake yameanza kuingia ukungu, hatoki sana. Alikaa dirishani na pua ikamfanyia matembezi. Alijua nani amepika papa, nani ameunguza wali, na nani amenunua samaki wa jana akiambiwa wa leo. Watu walisema Bi Tumu hujua mchuzi wako kabla nazi haijakunwa. Jael, aliyepanga vyumba vya chini vya nyumba ya Mwanaesha pamoja na mumewe wa reli, watu wa bara, wiki yake ya kwanza alikaanga omena, dagaa wa ziwani. Bi Tumu akapiga kelele kama aliyeingiliwa na mwizi.

"Ni omena tu, bibi!" Jael alimjibu toka chini. "Ukitaka nitakuletea!"

"Uniletee ya nini? Nishashiba kwa harufu!"

Lakini kuhusu jora, Bi Tumu alisema kweli, na Mwanaesha alipobaki nalo peke yake chumbani akainama, alikubali. Lilinuka mafuta ya mashine, kidogo, na nyuma yake harufu ya ghala, kama ngozi. Kama Bi Tumu ameisikia toka ng'ambo, mama yake Swabaha angeisikia akiwa ameinama juu ya kitanda.

Alilipanga vizuri. Alilaza mbao mbili juu ya mawe ili hewa ipite chini, akaliweka mbali na ukuta, akalifunika shuka la marekani lisilobana, maana pamba ikibanwa hulala na haiamki tena. Mlango akaubana vizuri kwa sababu ya panya, akautia kufuli. Ilibaki harufu tu.

Alhamisi, baada ya sala ya alasiri, ni desturi kufukiza nyumba. Mwanaesha alifukiza nguo zake juu ya tenga kama siku zote, kisha akatazama jora, akaona jambo ambalo alidhani ni akili. Lile tundu la katikati! Alilisimamisha wima juu ya mawe mawili, akaweka chetezo chini, katikati ya mawe, sawasawa na tundu. Moshi wa udi ukapanda ndani ya jora kama unavyopanda katika dohani, ukatokea juu taratibu. Alikaa akautazama kwa raha. Makaa ya mkoko yalikuwa yamekwisha siku ile, kwa hiyo alitumia makaa ya vifuu vya nazi. Mkaa wa kifuu una moto mzuri na tabia moja mbaya: hupasuka. Alisikia "tak" mara mbili tatu akadhani ni udi wenyewe unalia. Chetezo kilipopoa akakitoa, akalilaza jora mahali pake, akafunga kufuli. Usiku alilala nyumba ikinukia, na pua yake, kama pua ya mtu yeyote aliyelala ndani ya udi, ikachoka.

Asubuhi ya Ijumaa sauti ilitoka ng'ambo.

"Mwanaesha! We Mwanaesha!"

"Labeka, Bi Tumu. Shikamoo."

"Marahaba. Nyumba yenu yanuka utambi."

"Utambi?"

"Utambi wa taa ulopulizwa ukazimwa, ukaachwa utoe moshi. Huujui utambi?"

"Naujua, Bi Tumu. Lakini sisi tangu tutie stima hatuna taa ya mafuta. Labda ni udi wa jana."

"Udi nilikuwa naujua kabla hujazaliwa. Nimekwambia utambi."

Dirisha likafungwa. Taib alikuwa akifunga vifungo vya kanzu, anajitayarisha kwenda kusaidia kutandika mikeka msikitini kabla ya sala.

"Jumatatu vitunguu," alisema, "juzi omena, leo utambi. Mwambie leo Ijumaa, apumzishe pua naye."

Mwanaesha akacheka, akamvuta mumewe kola ikae sawa, akashuka jikoni.

Saa ya sala ya Ijumaa uchochoro ule huwa wa wanawake watupu. Viatu vya mwisho vya wanaume vilipita, vikanyamaza. Ikabaki sauti ya masufuria, na ya Jael akisugua nguo uani. Mwanaesha alikuwa akiosha mchele aliposikia jina lake tena, na safari hii kitu kimoja kilimshtua: Bi Tumu hakupiga kelele. Aliita kwa sauti ya chini, kama mtu anayemwamsha mgonjwa.

"Mwanaesha. Mwanangu, njoo dirishani."

Alipanda akaenda, mikono ikidondoka maji.

"Yazidi," Bi Tumu alisema. Alikuwa ameshika nondo za dirisha kwa mikono miwili. "Leo siteti na mtu. Nakwambia tu. Yazidi."

"Lakini, Bi Tumu, hatuna utambi ndani ya nyumba. Utambi ni..."

Akasimama hapo hapo. Utambi ni nini? Ni pamba. Pamba iliyosokotwa, basi. Na ndani ya nyumba yake, pamba ilikuwa mahali pamoja.

Hakujua alifungua vipi kufuli. Chumba kilinukia udi, si kingine. Hapakuwa na moshi wa kuonekana. Aliondoa shuka, akapitisha kiganja juu ya jora kutoka mwanzo hadi mwisho. Lilikuwa la baridi na laini, kama unga. Alitaka kucheka. Kisha akaenda upande wa tundu, akanyoosha mkono, na mkono ukarudi wenyewe. Hewa iliyotoka mle ndani ilikuwa ya moto kama ya mdomo wa tanuri.

Basi ilikuwa hivi: cheche ya kifuu ilipanda na moshi, ikanata ndani ya tundu, na tangu jana alasiri ilikuwa ikila pamba polepole, toka ndani kwenda nje, bila mwali. Pamba iliyobanwa haiwaki, hufukuta. Mtu yeyote anayewasha jiko anajua kinachotakiwa ili kinachofukuta kiwake: hewa. Akikata kamba na kulifungua mle chumbani, angekuwa kama anayelipepea. Akimwaga maji juu, tabaka za nje zingeyanywa na moto usingeyaona. Na juu ya kichwa chake palikuwa na boriti zilizokaushwa na miaka zaidi ya umri wa babu yake, na ukuta mmoja upande huu na mmoja upande ule ulikuwa wa jirani.

Yote hayo aliyajua. Hata hivyo alisimama na mkasi mkononi. Tabaka za nje zilikuwa nzima, baridi, nyeupe. Kama angezikata upesi, azivue, atupe cha ndani tu...

"Wapima nini?" sauti ya Bi Tumu, ambaye naye alikuwa amekwisha kuelewa, iliingia kupitia roshani. "Litupe!"

"Chini kuna mfereji, Bi Tumu! Maji machafu!"

"Pamba chafu hufuliwa, mwanangu. Majivu hayafuliwi. Litupe!"

Mwanaesha akaweka mkasi mfukoni mwa kanzu yake ya nyumbani, akaita, "Jael! Jael, pamba ina moto!"

Jael alipanda ngazi mbili mbili, mikono ina povu hadi viwiko. Hakuuliza swali hata moja. Jora lina wema wake: hubingirika. Walilibingirisha mpaka roshanini, wakalisimamisha, wakaliegemeza kwenye ukingo, wakalipandisha upande mmoja mpaka likalala juu ya ukingo kama mtu aliyechungulia.

"Lishikilie," Jael alisema. "Usilisukume mpaka nikuambie."

Alishuka mbio. Mwanaesha akamwona chini akitoka na mkeka wake mkubwa, ule mpya wa chumbani, akautandaza juu ya mfereji na pale palipokuwa na matope, kisha akatupa juu yake mashuka mawili aliyokuwa akifua, akarudi nyuma. "Sasa!"

Mwanaesha akasukuma. Jora lilianguka kwa kishindo kizito, na pande zake zote mbili likakohoa moshi wa kijivu.

Alipofika chini, kulikuwa na mtu wa tatu uchochoroni. Mtaa ulikuwa haujamwona Bi Tumu nje bila buibui tangu azikwe mumewe, na huyu hapa alikuwa na leso tu, miguu mitupu, amekumbatia mtungi.

"Kamba!" alisema.

Mwanaesha alikata kamba. Jael akashika ncha ya pamba akarudi nayo kinyumenyume, na jora likajifungua kupanda uchochoro: jeupe, jeupe, jeupe bado, likapita mlango wa jirani, kisha rangi ya maziwa yaliyoungua, kisha kahawia, na pale ndani likaonekana shimo jeusi lenye ukingo mwekundu uliotambaa. Hewa ilipoupata, ukingo ukainua ulimi mdogo wa mwali.

"Kata! Si hapo, unakata nzima! Huku! Haya, hapo!"

Bi Tumu, ambaye macho yake hayakuwa yakitofautisha uso na uso, alikuwa ameinama karibu na pamba, akinusa, akionyesha kwa kidole. Mwanaesha akakata alipoonyeshwa. Jael akaliburuta lile tumbo linaloungua mbali na lingine, pamoja na mkeka wake, na Bi Tumu akainua mtungi akaumwaga wote. Moto ulilia kama samaki anayetiwa kwenye mafuta. Jael akaongeza ndoo ya maji ya sabuni, akaongeza ya pili, akakanyaga.

Wakasimama wanahema, wanawake watatu.

"Maji yangu ya kunywa hayo," Bi Tumu alisema mwisho. "Na mtungi nimeufukiza jana tu."

Jael alianza kucheka, na Mwanaesha akacheka naye mpaka machozi yakatoka, na machozi yakaendelea kutoka kicheko kilipokwisha.

Wanaume walirudi kutoka msikitini wakakuta uchochoro umetandikwa pamba. Taib alisimama mwanzo wake, asiweze kupita bila kukanyaga. Alitazama pamba nyeupe, akatazama bonge jeusi linalotoa mvuke juu ya mkeka uliotoboka, akainua macho taratibu mpaka roshanini, na kutoka roshanini mpaka kwenye boriti zilizotokeza ukutani. Alikuwa karani; alijua kujumlisha. Akavua kofia.

"Ni nani aliyegundua?"

Mwanaesha akaonyesha kwa mkono. Bi Tumu alikuwa ameketi barazani, leso imevutwa kichwani.

Taib alimwendea, akainama mbele yake kama anavyoinama mtoto. "Bi Tumu, Mwenyezi Mungu akuzidishie. Sina neno jingine."

"Asubuhi ulikuwa nalo. Ulisema nipumzishe pua."

"Ulisikia?"

"Na masikio yangu pia mazima."

Mtaa mzima ukacheka, na Taib akacheka zaidi ya wote, kofia ingali mkononi.

Hasara ilikuwa ndogo kuliko walivyodhani, na sababu yake ni ya hesabu tu. Moto ulikuwa umekula mizunguko mingi ya ndani, lakini mzunguko wa ndani ni mfupi na wa nje ni mrefu. Urefu mkubwa wa jora uko katika tabaka zake za nje. Walipoipima pamba nzima juu ya paa, ilitosha kitanda cha Swabaha na ikasalia. Mkeka na mashuka ya Jael yalikuwa yameizuia isiguse mfereji ila pembeni, na pembe hizo zilikatwa.

Lililobaki lilikuwa lile la mwanzo: harufu. Baadhi ya vipande lazima vilikuwa vimeshika moshi, na Mwanaesha hakuweza kuvitambua. Alinusa mpaka kichwa kikamuuma. Kwake vyote vilikuwa sawa. Jael alinusa akasema anasikia sabuni. Kupeleka mfarishi wenye moshi kwenye kitanda cha harusi kungekuwa sawa na kutopeleka kabisa.

Jumamosi asubuhi Mwanaesha alivuka uchochoro na furushi la kwanza, akabisha hodi.

"Bi Tumu, nimekuja na haja. Ninusie."

Bi Tumu alimfungulia mlango, akamketisha karibu na dirisha. Maisha yake yote watu walikuwa wamemwomba afunge dirisha. Akapokea kipande cha kwanza kwa mikono miwili, akakileta puani, akafumba macho.

"Hiki kizuri." Cha pili. "Hiki moshi. Kitupe." Cha tatu. "Hiki... kikae juani, kisha nirudishie."

Walikaa hivyo mpaka adhuhuri, Mwanaesha akipanga mafungu matatu. Katikati ya kazi Bi Tumu akaacha kunusa, kipande kikiwa mapajani.

"Mimi ndimi nilosema lanuka mafuta," alisema. "Siku ile mlipolipandisha. Nisingalisema, hungalifukiza."

"Na lilikuwa lanuka, Bi Tumu."

"Lilikuwa lanuka."

"Basi ulisema kweli mara mbili. Mara ya kwanza nikakusikiliza nikafanya ujinga. Mara ya pili nilikaribia kutokusikiliza."

Bi Tumu akalifikiri hilo, akaonekana kuridhika kwamba hesabu imelingana. "Lete kingine," alisema.

Mama yake Swabaha alipokuja kuangalia kitanda cha bintiye, alibonyeza kwa kiganja hapa na pale akitafuta kilima, asikipate. Kisha akainamisha uso kwenye mfarishi wa juu kabisa, akakaa hapo kitambo. Mwanaesha alisubiri mlangoni.

"Wanukia udi," mwanamke yule alisema. "Udi tu." Kabla ya kushuka akamuuliza Mwanaesha kama ana pamba ya kutosha kitanda cha dada yake Swabaha.

Pamba iliyosalia ilitoa mifarishi miwili. Mmoja ulikuwa wa Jael, pamoja na mkeka mpya. Jael aliutuma kwa mama yake bara, mahali ambapo watu hujifunika kweli, na jibu likarudi kwamba mama analala sasa mpaka jua linatoka, na kwamba ameuliza ni nani huyo Mwanaesha ili amtaje katika maombi yake. Mwanaesha alishangaa kuombewa na mtu asiyemjua, katika dini isiyo yake, kwa sababu ya pamba. Alishukuru.

Wa pili aliupeleka ng'ambo mwenyewe. Aliushona mistari ya karibu karibu, akautia ukingo wa kitambaa chekundu ambacho macho ya Bi Tumu yangeweza kukiona.

Bi Tumu aliupapasa.

"Kwa nini hukuniletea jana?"

"Jana ulikuwa haujaisha, Bi Tumu."

"Na huu mshono umekwenda upande."

Haukwenda upande. Mwanaesha alikuwa ameupima kwa rula ya Taib. "Nitakutengenezea," alisema.

"Uache. Umeshakuwa wangu." Akaukunja, akaupakata kama mtoto, akageuza uso dirishani.

Tangu siku hiyo kila asubuhi mfarishi wenye ukingo mwekundu huanikwa kwenye dirisha la Bi Tumu, na kila wingu likitokea huingizwa kabla ya tone la kwanza, kwa sababu mvua nayo ina harufu. Mwanaesha alinunua jora jingine kwa Jamaldin, na baada yake jingine, akayaweka juu ya mbao zile zile, mbali na ukuta, na pamba hakuifukiza tena. Hufukiza mfarishi ukiisha kushonwa, juu ya tenga, kwa mkaa wa mkoko peke yake. Na kila Alhamisi alasiri, kabla hajatia udi kwenye chetezo, huenda dirishani kwanza.

"Bi Tumu! Nafukiza!"

"Nipo," hujibu Bi Tumu, na husikika akivuta kiti karibu na dirisha. "Fukiza."